Zamu ya Kuninyima Usingizi

Siku niliyokula karatasi ya balozi ilikuwa ya kumi na tisa tangu niumie kichwa. Ilikuwa saa nane mchana, jua limewaka, kwa hiyo asitokee mtu kusema nilikuwa ndotoni. Ndoto ningeipata wapi? Nilikuwa nimeegemea ukuta, binti yangu ananyonya, na macho yakafumba yenyewe. Ukaja usingizi wa kweli, ule mzito unaoanzia mabegani. Mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, mwenye zamu siku hiyo, akaona kichwa changu kimeinama. Akachovya kitambaa kwenye ndoo, akanichapa nacho usoni.

"Mwalimu! We mwalimu! Usilale, unataka utufie mikononi?"

Maji yakamwingia mtoto puani. Akapaliwa, akaachia ziwa, midomo ikaanza kubadilika rangi. Nikampigapiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi, nikamlaza. Kisha nikaenda mlangoni, palipotundikwa ratiba ya zamu kwenye msumari: kaya kumi, siku, saa, na chini kabisa sahihi ya balozi. Nikaichomoa. Ningeichana wangeiunganisha kwa uji wa ngano na kuitundika tena, nawajua. Nikaikunja mara nne, nikaitia mdomoni, nikaitafuna taratibu huku namtazama yule mama machoni, nikaimeza.

Alitoka mbio, kanga inaburuta. "Jamani njooni! Mwalimu amekula karatasi ya chama!"

Habari hiyo iliizunguka kambi, ikapanda lori la mboga, ikafika Karatu kabla ya jioni. Aliyeisikia alicheka kwanza, halafu akasema maskini, kichwa cha yule dada kimekwisha. Hakuna aliyeuliza mtu anafikaje mahali pa kula karatasi. Ngoja niseme mimi.

Kambi yetu ilikuwa ya shamba kubwa la kahawa upande wa Oldeani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeolewa, nina mtoto wa mwaka na nusu. Shamba liliniajiri nifundishe chekechea ya watoto wa wachumaji asubuhi, na kisomo cha watu wazima alasiri. Mume wangu alikuwa mwendesha mashine ya kumenya kahawa, na kwa sababu hiyo tulipewa chumba kilichoshikana na banda la mashine. Ukuta ni mmoja, wa mbao, tena mbao zilizoachana kiasi cha kupitisha kidole. Utaratibu huo ulikuwapo tangu enzi za mkoloni: mwendesha mashine akae mahali atakaposikia injini ikibadilisha mlio. Msimu wa mavuno injini ilianza kunguruma mchana, kahawa ya kwanza ikifika, na haikunyamaza mpaka ya mwisho imemenywa, hata kama majogoo yameshaanza kuwika. Mume wangu alikuwa amezoea kiasi kwamba kimya ndicho kilichomwamsha. Ongeza moshi wa dizeli, harufu ya maganda yaliyooza, kunguni, na mnyapara anayegonga rimu ya gari saa kumi na moja alfajiri kuwaita watu kazini.

Nikiwa mzima niliyamudu hayo. Mtu mzima anamudu mengi asiyopaswa kuyamudu.

Siku ya ajali nilikuwa nimepanda tela la trekta pamoja na wachumaji, natoka kufundisha kisomo kambi ya juu. Kwenye mteremko pini ya tela ikachomoka, tela likajiendea lenyewe mpaka korongoni. Wenzangu walitoka na michubuko. Mimi kichwa changu kilikutana na ukingo wa chuma. Nilizinduka kwenye zahanati ya shamba, natapika, namwita mume wangu kwa jina la kaka yangu.

Mganga wa zahanati alinishona, akanimulika machoni kwa tochi, akawaambia watu waliojaa mlangoni, "Asilale. Mwamsheni kila mara, mwulizeni jina lake, mpaka nirudi nimwone."

Baadaye niliambiwa kwamba agizo la namna ile ni la usiku mmoja. Lakini yeye hakusema usiku mmoja. Alisema mpaka nirudi. Na kesho yake asubuhi gari lilimfuata, akaenda Arusha kwenye kozi aliyoitiwa ghafla. Hakuacha neno wala mtu.

Balozi wetu alikuwa mtu mwema, nasema hivyo hadi leo. Aliita kikao mbele ya nyumba yake. "Ndugu zangu, mganga ametuachia agizo. Mwalimu ni wetu. Amefundisha wake zetu kuandika majina yao. Nyumba kumi haziwezi kushindwa na mtu mmoja kulala." Watu wakapiga makofi. Akaandika ratiba kwa mwandiko wake mzuri wa kisomo, mwandiko niliomfundisha mimi.

Wakaja. Mchana na usiku walikuja, wawili wawili. Walileta maziwa, makande, kuni. Walinishika mkono, wakinisimulia habari za ng'ombe waliopotea na watoto waliozaliwa, na kila kope langu likishuka walinifinya. Yupo mama mmoja aliyekuwa na ufundi wa kufinya nyuma ya sikio, siwezi kumsahau. Mzee mmoja alinipigia mfuniko wa sufuria. Kijana wa trekta, yule yule aliyekuwa anaendesha siku ya ajali, alikuja kulipa dhambi yake kwa kuniimbia. Sauti yake ilikuwa adhabu nyingine. Zamu yao ikiisha niliiba usingizi wa dakika chache, na injini iko pale pale ukutani inanisubiri.

Na huwezi kumtukana mtu aliyekuletea maziwa. Hilo ndilo lililonichemsha damu kuliko yote.

Siku za kwanza kichwa kiliuma tu. Kufikia wiki ya pili nilikuwa siwezi kukumbuka neno "kijiko". Nilikishika mkononi nikakiangalia. Nilitia chumvi kwenye uji wa mtoto mara mbili, mara tatu, nikampa akautema, nikalia nusu saa. Mwanga ulinichoma. Nikifungua kitabu cha kisomo, mistari inapanda juu ya mistari, herufi zinagawanyika kama siafu waliovurugwa. Nilimfokea mume wangu kwa kukohoa.

Kila nilipoharibu jambo, walitikisa kichwa. "Mnaona? Kichwa kinazidi. Tusimwachie hata kidogo." Wakaongeza zamu nyingine ya mchana. Kadiri nilivyokosa usingizi ndivyo nilivyoharibika, na kadiri nilivyoharibika ndivyo walivyoninyima usingizi.

Nilimwomba balozi. "Ndugu Balozi, nihurumie. Saa mbili tu."

"Mwalimu, nikuruhusu mimi kama nani? Agizo ni la mganga. Mganga arudi alitengue."

"Na asiporudi?"

"Atarudi. Mtu wa serikali hapotei."

Nilimtuma mume wangu kwa meneja wa shamba, aombe tuhamie stoo ya magunia mwisho wa kambi, iliyokuwa tupu, mbali na mashine. Alirudi ameinamisha uso. "Amesema mwendesha mashine hukaa karibu na mashine."

"Na mke wa mwendesha mashine?"

"Amesema naye hukaa karibu na mwendesha mashine."

Hivyo ndivyo mtu anavyofika mahali pa kula karatasi.

Siku mbili baadaye mama mkwe alifika kutoka upande wa Mbulu. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, aliyelea watoto saba na kuzika wawili. Hakunifokea. Alikaa kwenye kigoda, akanitazama nikijaribu kumfunga mtoto nepi, nikishindwa mara nne.

"Mwanangu," akasema, "mtoto nitakwenda naye."

"Mama, bado ananyonya."

"Atakunywa ya ng'ombe. Wewe kichwa chako hakijatulia. Umekula karatasi."

"Mama, sijalala!"

"Hakuna aliyelala. Ni msimu." Akainuka, akamfunga mjukuu wake mgongoni. Mlangoni akageuka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea barua za mwanawe mdogo aliyekuwa jeshini. Yeye hakujua kusoma. "Siku utakayokuja ukanisomea barua ya mwanangu moja kwa moja, kama ulivyokuwa unanisomea, mtoto utamchukua. Sitakuongezea sharti lingine."

Mume wangu alisimama pale na spana mkononi. Nilimchukia siku hiyo, nimemsamehe nyingine.

Sikungoja zamu ijayo. Nilichukua blanketi na kanga mbili, nikatoka mchana kweupe mbele ya nyumba kumi zote. Mke wa balozi aliniita, "Mwalimu, unakwenda wapi na agizo halijatenguliwa?" Nikamwambia, "Lifuateni ninyi."

Nilikwenda Ganako, kwa bibi yangu mzaa mama. Bado alikuwa akikaa kwenye tembe la zamani, lile lililochimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo limeota majani, ndani giza hata adhuhuri. Wajanja wa kijiji walimcheka. Wao walikuwa wameshapandisha bati. Nilifika natapika kwa kutembea. Aliniketisha, akanishika kidevu, akauliza neno moja ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza tangu nianguke.

"Unalala?"

Nikalia kama mtoto.

Akanitandikia ngozi nyuma kabisa, ng'ambo ya ukuta wa fito wanapolala ng'ombe. "Lala."

"Bibi, watu watakuja kunijulia hali." Maana Ganako nako ni watu, na mgonjwa akifika hapakosi kundi mlangoni na salamu zisizoisha.

"Hawatakuja."

Sisi Wairaqw tulikuwa na mwiko wa tangu zamani: nyumba ikipatwa na mambo fulani mazito hutengwa. Haingii mtu, hakaribii mtu, na wa ndani hawachangamani na watu mpaka muda wao upite. Makanisa yalikuwa yameukemea kwa miaka mingi. Bibi yangu alikuwa mwanakwaya, anashika ibada, ana rozari iliyopauka kwa kushikwa. Alitoka nje, akamwita jirani kwa mbali, akamwambia nyumba yake iko kwenye kutengwa. Basi. Hakueleza sababu, na hakuna anayeuliza sababu.

"Bibi, si umewadanganya?"

"Nimewadanganya. Nitaungama mwenyewe. Wewe kazi yako ni kulala."

Jamani, hakuja mtu! Watu wa aina ile ile isiyozuilika kwa kuombwa, kwa kuliliwa wala kwa kutafuniwa karatasi, walizuilika kwa neno moja. Niliwachungulia kupitia tundu la mlango wakiacha njia na kuzunguka shambani. Hata katekista alizunguka, na Biblia yake kwapani.

Nililala. Siwezi kusema vizuri zaidi ya hapo. Siku ya kwanza nililala nikaamka nikala kiazi nikalala. Kulikuwa na sauti moja tu, ya ng'ombe wakicheua, na ng'ombe akicheua hadai umjibu. Maziwa yalinijaa mpaka matiti yakawa mawe. Nilikamulia kwenye majivu, nikiuma kanga ili bibi asisikie. Kisha nikalala tena. Katikati ya wiki ya pili niliamka nikasema "kijiko" kwa sauti, hakuna aliyeniuliza. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Ndiyo. Na kile pale ni chungu."

Nilianza kujipima kwa kitabu chake cha nyimbo. Mstari mmoja, nafunga. Kesho mistari miwili. Herufi zikaanza kukaa kwenye foleni.

Halafu jirani wa bonde la chini akaozesha binti. Ngoma siku mbili mfululizo, usiku hazikunyamaza, na tembe halikuweza kuzuia ngoma. Siku ya tatu nikafungua kitabu: siafu wamerudi. Nikamjibu bibi kwa ukali. Nikaogopa kuliko siku ya ajali, nikajua nimekwisha. Bibi akasema, "Jana hukulala. Lala ndipo ulie." Nikalala mchana ule na usiku uliofuata, nikafungua kitabu. Herufi zote zilikuwa mahali pake.

Hapo ndipo nilipojua, na si kwa kuambiwa. Kichwa changu kilikuwa kinapona. Kilichokuwa kinazuiwa ni kupona. Hasira iliyonipanda siku hiyo haikuwa ya ugonjwa. Ilikuwa imelala vizuri, imekula, ina nguvu za kutembea.

Nilikaa wiki moja zaidi, kisha nikaondoka kwenda kwa mama mkwe. Nilifika asubuhi ya siku ya pili. Alikuwa anapepeta mahindi. Binti yangu alikuwa uani anafukuza kuku, anatembea vizuri, amenenepa. Aliponiona alikimbilia nyuma ya gauni la bibi yake.

"Nimekuja kusoma," nikasema.

Nilijua atanipa barua ya zamani, na za zamani nilikuwa nakumbuka baadhi. Yeye alijua kwamba nilijua. Akaingia ndani, akatoka na bahasha ambayo haijafunguliwa.

"Imefika wiki iliyopita. Nimeikatalia kusomwa na mtu."

Nikaifungua. Mwandiko wa shemeji yangu ni mbaya, tena kwa penseli. Nikavuta pumzi, nikaanza. Nikasoma salamu zote, za wazee, za majirani, za ng'ombe. Nikasoma kwamba buti zimemtoa malengelenge lakini sasa zimelainika, kwamba amefundishwa kupika na anapika vibaya, kwamba mama asiuze ndama yule mwekundu. Niligota mara moja, kwenye neno alilolikata katikati, nikarudi, nikalipata. Nikasoma, "Na mtoto wa kaka, ameanza kutembea? Mwambieni mwalimu amtumie baba yake mdogo alama ya mguu wake kwenye karatasi." Nikasoma mpaka jina lake.

Mama mkwe aliichukua barua, akaikunja.

"Ndama nimeshamwuza," akasema. Kisha akamchukua mjukuu wake, akamweka mapajani pangu, mtoto anapiga kelele ananisukuma. "Mvumilie. Atakukumbuka jioni." Alipoona natabasamu akaongeza, "Nilisema hakuna aliyelala. Nilikosea."

Mama mkwe wa Kiiraqw kusema amekosea! Nilitaka kumwomba arudie mbele ya mashahidi.

Mtoto hakungoja jioni. Saa saba mchana alikuja mwenyewe, akanifungua kifungo.

Kambini nilirudi Jumapili, mtoto mgongoni. Watu walitoka nje. Mke wa balozi alikuja akijifuta mikono, haya imemjaa. "Mwalimu, umepona? Kweli?" Nikachukua kijiti nikaandika jina lake chini kwenye vumbi. Akalisoma mwenyewe, tukacheka wote wawili, maana tulihitaji kucheka.

Mganga naye alikuwa amerudi kutoka kwenye kozi. Akanimulika tena na tochi yake. "Umepona vizuri sana. Ulipumzika wapi?"

"Kwa bibi yangu. Hapa nilizuiwa kulala siku ishirini na moja kwa agizo lako."

Akashusha tochi. "Siku ngapi? Mimi nilikusudia usiku ule tu! Kichwa kilichogongwa, ikishapita siku ya hatari, dawa yake ya kwanza ni kulala."

"Ulikusudia. Hukusema."

Nilipomwomba aniandikie hilo la kulala kwenye karatasi yenye muhuri, aliandika haraka.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya shamba. Karani alinitazama juu ya miwani. "Mwalimu, malalamiko huandikwa na kamati ya wafanyakazi."

"Kamati ndiyo iliyoumia kichwa?"

"Sasa meneja akiuliza nimwambie nini?"

"Mwambie mwalimu analeta barua, nakala tatu. Gonga muhuri kwenye hii yangu."

Akagonga. Ninayo mpaka leo, na hii hapa yote.

*Kwa Meneja wa Shamba. Nakala: Afisa Kazi, Katibu wa Kamati ya Wafanyakazi, Ndugu Balozi wa Nyumba Kumi.*

*YAH: MALALAMIKO JUU YA MAKAZI YA MFANYAKAZI ALIYEUMIA KICHWA AKIWA KAZINI*

*Ndugu,*

*Mimi ni mwalimu wa chekechea na kisomo wa shamba hili. Niliumia kichwa kwenye tela la shamba ambalo pini yake haikuwa na kifungio. Nalalamika juu ya pini hiyo, lakini zaidi nalalamika juu ya yaliyofuata.*

*Nilirudishwa kuugulia kwenye chumba kilichotenganishwa na injini kwa ubao mmoja. Mume wangu aliomba kwa niaba yangu tuhamie stoo ya magunia, ambayo ni tupu, ukakataa. Zahanati yako iliacha agizo lisilo na mwisho na haikuacha mtu wa kulisimamia. Majirani walilitekeleza kwa moyo safi, na siwalalamikii. Kwa muda huo wote sikulala, nikapoteza uwezo wa kusoma, kufundisha na kumtunza mwanangu, na mwanangu akaondolewa kwangu. Nilipopata mahali pa kulala, vyote vilirudi. Cheti cha mganga nimekiambatanisha.*

*Naomba pini za matela yote zifungwe. Naomba agizo lolote la zahanati liandikwe siku linapoanza na siku linapokwisha. Naomba chumba cha ukuta wa injini kisipewe tena familia yenye mgonjwa au mtoto mchanga; mwendesha mashine anaweza kukaa humo saa za zamu yake tu.*

*Kuhusu stoo ya magunia siombi. Nimehamia tangu jana pamoja na mume na mtoto wangu, tumeifagia, na tumelala humo usiku mzima. Ufunguo ninao mimi. Ukihitaji magunia, njoo baada ya saa moja asubuhi, na ubishe hodi polepole.*

*Wako katika kazi,*
*Mwalimu.*